TAHARIRI: Digrii ya mtandaoni ya mtu mzima ianzie Kagio, si Konza

UKIKAA kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Kerugoya mwendo wa saa moja usiku, utawaona. Bodaboda ameegesha pikipiki, helmeti iko kwa tangi, macho yako kwenye simu. Ukidhani anaangalia odds za mechi za wikendi, umekosea. Anasoma noti. Meza ya pili kuna nesi aliyetoka zamu, earphone moja sikioni kwa sababu ile nyingine ilikufa kitambo, anasikiliza mhadhara huku akikunja chapati. Hawa ni wanafunzi wa chuo kikuu. Hawana chumba hosteli, hawajawahi kukanyaga maktaba ya chuo, na sura ya mhadhiri wao hawaijui vizuri maana kamera hufungwa ili kuokoa bando.

Swali letu leo ni moja: hiyo digrii wanayoisoma, aliyeichora alikuwa anamfikiria nani?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na vyuo vyetu vikauamini msemo huo hadi vikajengwa juu yake. Karibu kila kitu kinamfikiria kijana wa miaka 18 aliyemaliza Fomu Four juzi. Kalenda ni yake. Karo inayolipwa kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula ni ya mzazi wake. Ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni yake pia. Sasa mtandao umekuja, na tunachofanya ni kuchukua kozi ileile, kuipiga video, kuipandisha kwenye tovuti, halafu tunamwambia mama wa watoto watatu pale Kagio: karibu chuo kikuu.

Hawa watu wazima si wachache. Mwaka wa 2016, watahiniwa zaidi ya 570,000 walifanya mtihani wa KCSE. Waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 88,929 pekee. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo walikuwa zaidi ya 160,000. Tusirudie hapa ule mjadala wa wizi wa mitihani na ukali wa usahihishaji. Tunachotaka ukumbuke ni kwamba waliobaki nje ya mlango hawakuyeyuka. Wengine walienda vyuo vya kiufundi wakapata diploma, wengine wakaingia mjengo, wengine wakafungua M-Pesa, wengine wakarudi shambani Ndia na Gichugu. Leo wanaelekea miaka 30. Wana kazi, wana watoto, wana mikopo, na wana ujuzi ambao hakuna karatasi inayoutaja.

Ndio maana wengi walifurahi Agosti 3, 2023, Rais William Ruto alipokikabidhi Chuo Kikuu Huria cha Kenya hati rasmi ya kuwa chuo kikuu. Makao yake ni Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni. Kilianza na shahada chache: sayansi ya data, usalama wa mitandao, uchumi na takwimu, biashara na ujasiriamali, elimu ya teknolojia. Ni majina mazuri, na hatuna ugomvi nayo. Lakini yasome tena majina hayo ukiwa umesimama kati ya lori za nyanya Kagio, halafu ujiulize ni nani hapo anayeamka asubuhi akiwa na shida ya sayansi ya data peke yake.

Chukua karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Kirinyaga ina vyama vingi vya aina hiyo, Baragwi na Rung'eto vikiwa baadhi ya vinavyojulikana. Zamani kazi ya karani ilikuwa kupima kilo za kahawa na kuandika risiti. Siku hizi, mwaka wa 2023, Muungano wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuuzwa huko kwa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa miti ya msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kutekelezwa kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini inakuja, na inataka kila shamba lijulikane mahali lilipo kwa vipimo vya satelaiti. Kwa hivyo karani wetu anahitaji kujua ramani za kidijitali. Anahitaji kuielewa sheria yenyewe, iliyoandikwa Brussels kwa lugha ya mawakili. Anahitaji kujua data ya mkulima inalindwaje, kwa sababu hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Anahitaji hesabu, kwa sababu wakulima wataka kujua gharama hiyo inakatwa kwa nani. Na zaidi ya yote anahitaji kusimama mbele ya wazee mia mbili, awaeleze kwa Kiswahili na Kikuyu kwa nini kijana mwenye simu anazungukazunguka kwenye mashamba yao akipiga kona za mipaka. Ukiwahi kuona jinsi suala la mpaka wa shamba linavyochemsha watu Mlima Kenya, utajua hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Sasa mpeleke karani huyo chuoni. Ataulizwa: unataka kufanya kozi gani? Jiografia? Sheria? Uhasibu? Kompyuta? Mawasiliano? Achague moja, miaka minne, kisha arudi kwa kazi yuleyule ambayo inahitaji zote tano kabla ya saa nne asubuhi.

Huo ndio msingi wa hoja yetu. Mtu mzima hafiki chuoni akiwa na somo, hufika akiwa na shida. Na shida hazijui mipaka ya idara.

Historia ya kaunti hii yenyewe inathibitisha. Mwaka wa 1998 wakulima wa mpunga wa Mwea walichoka na Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, wakakataa kuipelekea mpunga wao, na chama chao cha ushirika kikachukua usukani. Ilikuwa haki yao kulalamika: mkulima alikuwa kama kibarua kwenye shamba analolima mwenyewe. Lakini miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mifereji ilihitaji kuzibuliwa, maji yalihitaji kugawanywa kwa zamu, na wa mwisho kwenye mfereji mara nyingi aliyaona yakiishia kwa jirani. Kuanzia 2003 ndipo ukaanza mpango wa kugawana kazi: bodi ishughulikie mifereji mikuu, vyama vya watumiaji maji vishughulikie ile midogo. Je, ule mgogoro ulikuwa wa uhandisi, wa sheria za ardhi, wa uhasibu au wa siasa? Mtu yeyote wa Wang'uru atakucheka ukimuuliza hivyo. Ulikuwa wa vyote kwa pamoja, na waliofanikiwa kuutuliza walilazimika kujifunza vyote kwa pamoja, bila cheti.

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba Chuo Kikuu Huria, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Kirinyaga pale Kutus, kibuni shahada moja ya taaluma mseto kwa ajili ya watu wazima wanaosoma mtandaoni. Na tunataka tuseme mapema ni mseto wa aina gani, maana hapa ndipo wengi huharibu.

Kwenye githeri, hindi ni hindi na haragwe ni haragwe. Vimechemshwa sufuria moja lakini ukitaka unaweza kuvitenganisha kwa kijiko. Digrii nyingi zinazoitwa za mseto ziko hivyo: somo moja kutoka idara hii, jingine kutoka ile, mwanafunzi anakula kijiko kijiko, na hakuna mahali popote ambapo hesabu ilikutana na sheria. Tunachotaka ni mukimo. Viazi, mahindi, ndengu na majani ya malenge vimepondwa hadi huwezi kusema kipi kinaanzia wapi. Na mukimo, kama mama yeyote atakavyokwambia, una kazi zaidi. Lazima mtu aponde.

Kuponda kwenyewe ni hivi. Kila muhula uwe na tatizo moja kubwa la kweli, na masomo yote ya muhula huo yalilenge. Mfano, muhula wa maji: mwanafunzi anasoma jinsi mto Thiba unavyopimwa, anasoma Sheria ya Maji ya 2016, anajifunza takwimu kwa kutumia vipimo vya mvua, anajifunza kuandika ripoti ya kurasa nne ambayo chifu anaweza kuisoma akaielewa. Mwisho wa muhula hafanyi mitihani minne. Anatoa kazi moja kuhusu mfereji mmoja, bomba moja, au kisima kimoja cha shule anayoijua, na wakufunzi wa masomo yote manne wanaisahihisha pamoja. Muhula mwingine uwe wa pesa za kikundi: chama, sacco, ushirika. Mwingine uwe wa afya ya kijiji. Nesi wetu wa pale kibandani na karani wa kahawa wanaweza kukaa darasa moja la mtandaoni kwenye muhula wa data, na tunaapa watafundishana kuliko mhadhiri atakavyowafundisha.

Lakini mseto bila uti wa mgongo huanguka. Baada ya miaka miwili ya mwanzo, kila mwanafunzi achague njia moja ya kuzama: kilimo na soko lake, au afya ya jamii, au utawala wa kaunti, au teknolojia. Azame kweli, hadi aweze kubishana na mtu aliyesomea fani hiyo peke yake. Asiyezama popote atamaliza akijua kidogo kuhusu kila kitu, na watu wa aina hiyo Kerugoya tunao wa kutosha, hasa msimu wa kampeni.

Sasa tuje kwa kalenda, kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi hufia.

Piga hesabu nasi. Mwanafunzi wa kawaida wa kutwa akitumia saa 40 kwa wiki kwa wiki 30, anapata saa 1,200 za masomo kwa mwaka. Miaka minne ni saa 4,800. Mtu mzima mwenye kazi na familia akijikaza sana anapata saa 12 kwa wiki: mbili usiku kwa siku nne, nne Jumapili baada ya kanisa. Akisoma wiki 44 kwa mwaka, hizo ni saa 528. Gawanya: ni miaka tisa. Tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya kusajiliwa atakuwa darasani akijifunza mgao wa namba na mama bado hajavaa joho. Halafu tunashangaa kwa nini watu hukata tamaa muhula wa tatu. Wala si wavivu, wao hesabu hii wanaijua hata kama hawajaiandika.

Dawa ya hesabu hiyo si kumwambia mtu alale kidogo. Dawa ni kufanya kazi yake iwe sehemu ya masomo. Karani akichora ramani za mashamba ya wanachama wake kwa njia aliyofundishwa, akaandika alichokosea na akakirekebisha, hayo ni masomo. Yahesabiwe. Tukimpa saa sita kwa wiki za aina hiyo, anafika saa 792 kwa mwaka, na zile 4,800 anazimaliza kwa takriban miaka sita. Bado ni mingi, lakini miaka sita binadamu anaweza kuiona mwisho wake.

Na njiani awe na mahali pa kushukia. Matatu ya kutoka Kerugoya kwenda Nairobi haikufungii mlango hadi mwisho wa safari. Unaweza kushuka Sagana, ukafanya shughuli zako, ukapanda nyingine kesho. Mwanafunzi akimaliza sehemu ya kwanza apewe cheti kinachotambulika, akimaliza ya pili apewe diploma, na akirudi baada ya miaka mitatu ya kulea au ya kuuguza mzazi, aanzie pale alipoachia. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Kufuzu ya mwaka wa 2014 ilikusudiwa kurahisisha mambo kama haya, ya mtu kubeba alama zake kutoka ngazi moja hadi nyingine. Lakini ukimuuliza aliyewahi kujaribu kuhamisha diploma yake kwenda digrii, mara nyingi atakwambia aliambiwa aanze upya mwaka wa kwanza.

Kuna jambo lingine la kalenda ambalo mtu wa Konza hawezi kulijua bila kuambiwa. Muhula unaoanza Septemba hufanya mitihani yake Novemba na Desemba. Hapa Kirinyaga, hiyo ndiyo miezi ya kahawa kuu kuchumwa na mpunga wa Mwea kuvunwa. Mtu anaamka saa kumi usiku, anarudi na kahawa kiwandani jioni, anapanga foleni hadi saa tatu. Mwite afanye mtihani wa saa tatu mtandaoni wiki hiyo uone. Kisha Januari, mwezi wa kulipa karo ya muhula mpya wa chuo, ni mwezi wa kununua sare, vitabu na kulipa karo ya watoto. Tungekuwa tunatafuta njia ya kumtoa mtu mzima chuoni, tusingepata ratiba bora kuliko hii tuliyo nayo. Masomo yaanze Februari, mitihani iwe kabla ya Oktoba, na msimu wa mavuno uwe wa kazi ya vitendo tu.

Kuhusu bando, tutasema machache kwa sababu kila msomaji wetu ni mtaalamu. Video ya saa moja, hata ile ya ubora wa chini, hula megabaiti mia kadhaa. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki megabaiti 30 kwa saa. Noti za maandishi ni kama hewa. Kwa hivyo maandishi na sauti viwe ndio masomo yenyewe, video iwe ya mahali inapohitajika kweli, kama kuonyesha jinsi ya kushika kipimo cha maji. Si jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Kikuyu, kitengo cha masomo ya posta cha kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilianza kuwafunza walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na vyeti, kwa barua na vipindi vya redio. Mwalimu alikaa kijijini kwake, akasikiliza redio, akaandika, akaposti. Tumekuwa tukisomesha watu wazima kwa mbali tangu babu zetu walipokuwa vijana, ila tumesahau.

Jirani zetu hawakusahau. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka wa 1992, na chini ya Profesa Geoffrey Mmari, makamu mkuu wa kwanza, kikaanza kwa karatasi na mabasi ya mikoani kabla hata intaneti haijafika huko. Kuna jambo walilolielewa mapema: kusoma kwa mbali hakumaanishi kusoma peke yako. Wana vituo mikoani, ambako mwanafunzi anakutana na wenzake, anauliza, anafanyia mtihani. Wana pia kozi ya msingi ya kumwandaa mtu ambaye alama zake za sekondari hazikutosha. Uingereza walienda mbali zaidi. Chuo chao huria kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1971 hakikuuliza alama kabisa, na digrii yake ya mwanzo haikuwa na jina la somo moja, mwanafunzi aliijenga kwa kozi alizochagua.

Tukitaka kituo kama hicho Kerugoya hatuhitaji kujenga jengo. Kuna shule, kuna kumbi za makanisa, kuna vyumba vya chuo pale Kutus vinavyokaa bure Jumapili. Ukumbi mmoja, mkufunzi mmoja, umeme, chai. Watu 30 wakionana mara mbili kwa mwezi wataundiana grupu ya WhatsApp, na hiyo grupu ndiyo itakayomrudisha darasani yule aliyekuwa anataka kuacha.

Tumesikia wasiwasi wa wale wanaopinga. Wa kwanza ni kuhusu jina. Mzazi atauliza, digrii ya nini? Mwajiri atauliza hivyo hivyo, na huyo swali lake lina uzito. TSC inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia. Bodi za wahandisi na wahasibu zina milango yake na hazifungui kwa huruma. Matangazo ya kazi za kaunti huandika "shahada ya moja kati ya fani zifuatazo," na mseto haumo. Hatuwezi kuwadanganya vijana kwamba hilo halitawapata. Ndiyo maana tunasisitiza ile njia ya kuzama, na jina la njia hiyo liandikwe kwenye cheti. Na kabla mwanafunzi wa kwanza hajasajiliwa, chuo kikae na Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za ajira za kaunti, wakubaliane kwa maandishi digrii hiyo inamfaa mtu kwa kazi zipi. Wakishindwa kukubaliana, afadhali wasiianzishe. Mtu mzima aliyepoteza miaka sita hana miaka mingine ya kupoteza.

Wasiwasi wa pili ni udanganyifu, na hapa tuongee ukweli kama marafiki. Msomaji, huenda wewe mwenyewe, au msee unayeishi naye, amewahi kulipa rent kwa kuandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Vijana wa miji yetu yenye vyuo wameifanya kazi hiyo kwa miaka, na wameifanya vizuri mno, hadi dunia nzima ikajua. Siku hizi programu za akili unde zimewapunguzia wateja. Lakini maana yake ni kwamba hakuna nchi inayojua kuliko Kenya jinsi kazi ya darasa inavyoweza kuandikwa na mtu mwingine. Ongeza hapo ripoti ya mwaka wa 2024 ya Tume ya Utumishi wa Umma iliyopata vyeti feki zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi, na utaelewa kwa nini mwajiri anakunja uso akisikia neno mtandaoni.

Kamera ya kumchungulia mtu akifanya mtihani chumbani kwake haitatuokoa. Inakula bando, inamdhalilisha mtu, na mjanja ataizunguka. Kinachomkaba mdanganyifu ni swali. Ikiwa kazi yako ni kuhusu mfereji wa kwenu, na wakufunzi wawili wakupigie simu dakika 20 wakikuuliza kwa nini uliupima pale na si pale, nani alikataa kuongea nawe, na ungefanya nini tofauti, hakuna mwandishi wa kukodi atakayekujibia. Ni ghali, ndio. Inahitaji wakufunzi wengi. Lakini hapo ndipo pesa ziende, badala ya kwenye programu za kuwapeleleza watu.

Na pesa zenyewe? Mikopo mingi ya masomo kwa watu wazima huuliza payslip. Bodaboda hana payslip. Muuza nyanya hana. Ana daftari, ana rekodi za M-Pesa, ana sacco inayomjua. Chuo kikubali malipo kwa kozi moja moja, mdogo mdogo, na HELB ijifunze kusoma daftari la sacco. Mtu anayeweza kulipia pikipiki kila siku kwa mwaka mzima bila kukosa hawezi kuitwa hatari kwa mkopo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wasiofanya kazi chuoni hawakioni. Digrii ya mseto haina baba. Kila idara huhesabu wanafunzi wake, na bajeti, nafasi za kazi, hata ukubwa wa ofisi ya mwenyekiti wa idara hutegemea hesabu hiyo. Mwanafunzi wa mseto ni wa nani? Mhadhiri wa sheria akisahihisha kazi ya maji pamoja na mwenzake wa takwimu, saa hizo zinaandikwa wapi? Digrii nzuri nyingi za aina hii zinaweza kufa kwenye swali hilo dogo la nani atalipwa. Tunaomba senati ya chuo ilijibu kabla ya kuandika hata mada moja: kuwe na ofisi moja yenye bajeti yake, wakufunzi wake, na mtu mmoja ambaye digrii hiyo ikianguka, ameanguka nayo.

Tena mtaala huo usiandikwe kwenye warsha ya siku tano hotelini Naivasha, na wahadhiri peke yao. Uandikwe Kutus, Jumapili saa nane mchana, maana huo ndio muda pekee watu hawa wanaoweza kufika. Waitwe karani wa kahawa, nesi, msimamizi wa maji wa Mwea, mwalimu wa chekechea, dereva wa lori la nyanya. Walipwe nauli na siku yao, kama wahadhiri wanavyolipwa. Na aliyeacha masomo ya mtandaoni muhula wa tatu atafutwe popote alipo, aketishwe kiti cha mbele, aulizwe kwanza yeye.